Ishirini na moja kwenye simu: Kabla hujadabo dau, piga hesabu hii

Wewe unayesoma hii umewahi kucheza kadi. Usikatae. Kama si hosteli, ni nyuma ya duka la mtaa siku ya mvua. Ukirusha 2 au 3, mwenzako anakula kadi. Ukirusha J, anarukwa. K inarudisha mchezo ulikotoka. Na ukikaribia kumaliza lazima upaze sauti, "niko kadi", la sivyo unarudishwa na kelele nyingi. Mchezo huo una jambo moja zuri ambalo hatulifikirii kamwe: sheria zinambana kila mtu sawa. Aliyegawa kadi hana haki zaidi ya aliyeketi kando yake.

Sasa chukua kadi hizo hizo 52, zitie kwenye simu, ubadilishe sheria moja tu ndogo. Hapo ndipo tuko siku hizi hapa Othaya.

Pita stage saa nane mchana, wakati ambao hakuna abiria, utapata boda watatu wameinamia skrini moja. Zamani ungejua ni mechi ya Uingereza. Leo ni dada aliyevaa nguo nyeusi, meza ya kijani, na karata zinagawanywa moja kwa moja kama matangazo ya habari. Mchezo wenyewe ni ishirini na moja, ule ambao programu huuandika Blackjack. Kampuni kubwa ya meza za aina hii duniani ni Evolution ya Uswidi, iliyoanzishwa 2006, na studio zake kubwa ziko Riga, nchini Latvia. Kwa hivyo mtu ameketi na pikipiki yake chini ya Karima Hill, anaamua kama ataomba karata kutoka kwa mtu aliye Ulaya. Teknolojia ni noma, hilo nakubali.

Ninachotaka tuongee ni ile "strategy" wanayoambiana pale. Kwa sababu strategy ya kweli ya mchezo huu ipo, imepigiwa hesabu tangu zamani, na ni ya bure. Lakini wengi wa hawa maboyz hawaitumii. Wanatumia nyingine kabisa, na hiyo ndiyo inayowamaliza.

Kwanza tuelewe mchezo. Karata ya namba ina thamani ya namba yake. 10, J, Q na K zote ni kumi. A ni moja au kumi na moja, unavyotaka. Unapewa mbili, mgawaji anajipa mbili lakini unaona moja tu. Unaomba karata hadi utosheke, ukipita 21 umepasuka na dau limeenda. Ukitulia, mgawaji anafungua yake. Yeye hana akili yoyote ya kutumia: akiwa na 16 au chini lazima aongeze, akifika 17 lazima atulie. Ni kama mashine.

Hebu sasa fikiria. Tuseme wewe pia unacheza kama yeye, unaongeza hadi 17 halafu unatulia. Mchezo si ungekuwa sawa kwa sawa? Ndivyo kila mtu hudhani. Mgawaji hupasuka karibu mara 28 kati ya 100. Wewe ukimwiga utapasuka hizo hizo 28. Lakini kuna zile raundi ambazo nyote wawili mngepasuka: 28 ya 28 ni karibu 8 kati ya 100. Kwenye kadi ya hosteli hiyo ingekuwa sare. Kwenye kasino, wewe umetangulia kucheza, umepasuka, dau lako limechukuliwa kabla mgawaji hajagusa karata yake. Raundi hizo nane zote ni zake.

Hiyo ndiyo sheria ndogo niliyosema. Hakuna uchawi, hakuna "wameset". Wewe unatangulia, basi.

Kasino inakurudishia kidogo. Ukipewa A pamoja na kumi moja kwa moja, unalipwa 3 kwa 2: ukiweka 100 unapata 150. Hiyo hutokea karibu mara moja kila mikono 21, na inapunguza zile nane hadi kama tano na nusu. Kwa hivyo anayemwiga mgawaji anatoa karibu shilingi 5.50 katika kila 100 anazoweka, akihesabu muda mrefu. Hiyo tuiite faida ya meza.

Na yule mwoga, anayetulia kila akifika 12 ili asipasuke kamwe? Yeye anatoa karibu 4. Watu wengi hapa stage wako katikati ya hao wawili, wakiongeza na kutulia kulingana na vile moyo unavyodunda.

Waliopiga hesabu ya kweli walikuwa wanajeshi wanne wa Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, waliokuwa kambi ya Aberdeen, Maryland. Walitumia mashine za kawaida za kujumlisha, zile za mezani, na mwaka 1956 wakachapisha matokeo katika jarida la wataalamu wa takwimu. Walichogundua ni kwamba kwa kila mkono ulio nao, na kila karata anayoonyesha mgawaji, kuna jibu moja lililo bora. Halitegemei bahati wala raundi iliyopita. Ukilifuata bila kuchoka, faida ya meza inashuka kutoka tano na nusu hadi karibu nusu asilimia, yaani senti 50 kwa kila 100. Katika kasino nzima si rahisi kupata mchezo wa bei hiyo.

Nitakupa mhimili wake, uandike nyuma ya daftari ukitaka. Mgawaji akionyesha 2 hadi 6, yuko pabaya. Akiwa na 6 hupasuka kama mara 42 kati ya 100. Basi ukiwa na 13 hadi 16, tulia, mwache ajipasue mwenyewe. Ukiwa na 12 tulia akiwa na 4, 5 au 6, lakini omba akiwa na 2 au 3. Akionyesha 7 kwenda juu, chukulia kwamba anafika, na wewe uombe hadi 17 hata kama unaogopa. Ukiwa na 11 na yeye anaonyesha 10 au chini, dabo. Ukiwa na 10 na yeye ana 9 au chini, dabo. A mbili, tenganisha. 8 mbili, tenganisha. Kumi mbili, achana nazo, hiyo ni 20, unatafuta nini tena?

Mkono unaowaumiza watu roho ni 16 dhidi ya 10. Ukiomba unapasuka, ukitulia anakupita. Jibu la hesabu ni uombe, lakini tofauti ni ndogo sana, kwa sababu hapo unapoteza zaidi ya mara saba kati ya kumi, uombe usiombe. Nimeona watu wakigombana karibu kupigana juu ya mkono huo, ati "ungetulia!" Angetulia angepoteza pia.

Kuna mitego miwili midogo. Mgawaji akionyesha A, skrini inakuuliza kama unataka bima. Jina tamu. Inalipa 2 kwa 1 endapo karata yake iliyofichwa ni kumi. Ili ilipe haki, kumi ingefaa kutokea mara moja katika kila tatu. Lakini katika karata 52 zenye thamani ya kumi ni 16 tu, ambayo ni chini ya moja kwa tatu. Faida ya meza kwa bima ni karibu asilimia 7. Usichukue. Mtego wa pili ni meza zinazolipa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2. Ukiipata A na kumi, unapewa 120 badala ya 150. Inaonekana kitu kidogo, lakini inaongeza kama asilimia 1.4 kwa faida ya meza. Umesoma strategy yote ya wanajeshi wale, halafu umeketi meza inayokuongezea karibu mara tatu ya ile nusu asilimia. Malipo haya huandikwa kwenye kitambaa cha meza au kwenye ukurasa wa sheria. Yasome kabla hujagusa kitu.

Na kuhesabu karata je, kama kwenye sinema? Hiyo ni kweli, si hadithi. Edward Thorp, mwalimu wa hisabati, alichapisha kitabu chake *Beat the Dealer* mwaka 1962 na kuonyesha kwamba karata ndogo zikiisha na kumi zikibaki nyingi, faida inahamia kwako. Lakini hiyo inahitaji karata zinazopungua ukiona. Kwenye meza ya simu ya mtu halisi huwa wamechanganya hadi pakiti nane, na mara nyingi wanazipiga upya zikifika katikati. Kwenye ile ya katuni, isiyo na mtu, kwa kawaida zinachanganywa kila mkono. Hakuna cha kuhesabu pale. Ukikutana na mtu Telegram anakuuzia mbinu ya kuhesabu kwenye programu, amekuhesabu wewe.

Sawa, turudi stage. Nimesema vijana hawatumii strategy hiyo. Wanatumia kudabo. Si kule kudabo ukiwa na 11. Ni hii: unaanza na 50. Ukipoteza unaweka 100. Ukipoteza tena 200, halafu 400, 800, 1,600, 3,200. Siku utakayoshinda, unarudisha zote ulizopoteza na unabaki na 50 juu. Unaanza tena na 50. Ati lazima siku moja ushinde, hakuna mtu anayepoteza milele. Mfumo huu una miaka zaidi ya 200, Wafaransa waliuita martingale, na kila kizazi kinaugundua upya kama chake.

Naelewa kwa nini unavutia. Unafanya kazi. Jirani yangu wa boda aliutumia zaidi ya wiki mbili mwezi wa Oktoba na ukafanya kazi kila siku. Hamsini asubuhi, hamsini tatu mchana, mia mbili usiku. Alifika kama 4,300. Alikuwa akinunulia mbogi chapo na chai, na mimi nilikula, sitadanganya.

Hebu tupige hesabu yake. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili na hii haihitaji digrii.

Jumlisha hatua zote saba: 50, 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200. Unapata 6,350. Hizo ndizo pesa anazohitaji mfukoni. Sasa tumpe mchezo wa haki kabisa, kurusha sarafu, kichwa au mwenge, hakuna kasino hapo. Uwezekano wa kupoteza mara saba mfululizo ni moja kati ya 128. Mara 127 anapata 50. Mara moja anapoteza 6,350.

Zidisha 127 kwa 50.

Ni 6,350. Haijazidi shilingi, haijapungua shilingi. Mfumo haujaongeza chochote. Kilichofanyika ni kwamba zile hasara ndogo ndogo ambazo angezipata kila siku zimekusanywa mahali pamoja, zikamngoja. Hiyo ni kwa sarafu ya haki. Katika ishirini na moja, hata ukicheza vizuri, kati ya mikono 100 unashinda kama 42, unapoteza kama 49, na inayobaki ni sare. (Kinachokufidia ni yale malipo ya 3 kwa 2 na kule kudabo kwa 11, ndiyo maana faida ya meza inabaki ndogo.) Ukiondoa sare, kupoteza saba mfululizo si moja kati ya 128 tena, ni kama moja kati ya 80.

Na 80 si mbali. Mzunguko mmoja wa kudabo kwa wastani ni mikono miwili hivi. Meza ikitoa mikono 50 kwa saa, mizunguko 80 ni saa tatu na kidogo. Mtu wa kawaida aliyepanda gari kwenda kasino ya Nairobi mara moja kwa mwezi angeweza kukaa muda mrefu bila kukutana nayo. Mwenye simu anakutana nayo ndani ya mwezi, na wakati mwingine ndani ya usiku mmoja.

Jirani alikutana nayo Jumamosi usiku. Msimu ulikuwa ule wa bonasi. Kama hutoki huku, elewa kwamba Othaya ni majani chai na kahawa, na mkulima anayepeleka majani Iriaini au Chinga hulipwa kidogo kila mwezi, halafu karibu Oktoba inaingia bonasi. Hiyo ndiyo pesa ya kujenga, ya karo, ya kulipa duka. Mamake alikuwa amemtoa 9,000 kwenye yake amalizie malipo ya pikipiki yaliyokuwa yamebaki nyuma. Saba mfululizo ikaja. Mkono wa mwisho, ule wa 3,200, alikuwa na 19. Mgawaji akafungua 20.

Ukitoa 6,350 kwa zile 4,300 alizokuwa ameshinda, utasema hasara ni 2,050 tu. Lakini zile 4,300 zilishaliwa, zilikuwa chapo. Zilizoenda ni za mamake. Waliomkopesha pikipiki waliichukua Jumatano, ikakaa kwao siku tisa, na siku tisa bila boda Othaya ni siku tisa za kutembea ukieleza kila mtu unayekutana naye pikipiki iko wapi.

Alichoniambia ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Hakusema mfumo ni mbaya. Alisema, "Mfumo uko sawa, ni mtaji ulikuwa mdogo."

Basi tumwongezee mtaji. Hatua kumi badala ya saba. Anahitaji 51,150. Uwezekano wa kupoteza zote kumi kwa sarafu ya haki ni moja kati ya 1,024. Mara 1,023 anapata 50. Zidisha: 51,150. Unaona? Unaweza kumpa bonasi ya kijiji kizima, hesabu inakuja pale pale. Isitoshe, kila meza ina kiwango cha juu cha dau, kwa hivyo hatua ya kumi na moja au kumi na mbili hutaruhusiwa kuiweka hata ukiwa nazo.

Wazee wetu walikuwa na pata potea. Karata tatu juu ya katoni, jamaa anazizungusha, wenzake wamejifanya wateja wanashinda. Pale ulikuwa unaibiwa kwa vidole, na ukishtuka unamshika shati. Hii ya simu ni tofauti, na naona watu wanakosea wakisema ni wizi ule ule. Kasino iliyo na leseni haihitaji kukuibia. Inahitaji tu uendelee kucheza. Ukiamini kwamba wamekuset, utahamia programu nyingine ukitafuta wasioset, na hesabu itakufuata huko.

Sasa sehemu ambayo sijasikia mtu yeyote akiiongelea stage, hata wale wajanja.

Nimesema anayecheza kikamilifu anatoa karibu nusu asilimia. Hiyo ni hesabu ya wanajeshi wa Maryland. Hesabu ya Othaya ina kodi ndani. Tangu tarehe 1 Julai 2025, Sheria ya Fedha ya mwaka huo inakata asilimia 5 ya pesa unazoingiza kwenye akaunti yako ya kamari, na asilimia 5 nyingine ya pesa unazotoa. (Kabla ya hapo ilikuwa mbaya zaidi: asilimia 15 ya kila dau, na 20 ya ulichoshinda. Hapo strategy yoyote ya karata ilikuwa kazi bure.)

Ingiza 1,000. Imebaki 950. Usicheze hata mkono mmoja, toa zote. Unakatwa tena, unapata 902.50. Umepoteza 97.50 kwa kuingia na kutoka, kama kupita mlango.

Sasa cheza. Mikono 50 ya shilingi 100, kikamilifu, bila kosa. Faida ya meza kwa wastani itakuchukulia 25. Kwa mwendo huo ungecheza mikono kama 200 kabla meza haijakula kiasi ambacho milango miwili imekula. Kwa hivyo hata yule mmoja kati ya mia aliyekariri jedwali lote, anayekataa bima, anayetafuta meza ya 3 kwa 2, hapa kwetu anaanza akiwa chini karibu asilimia 10. Hakuna namna ya kuomba au kutulia inayorudisha asilimia 10.

Silaumu kodi. Nyeri hii imetoa rais aliyesomea fedha za umma London, tunajua serikali hula wapi. Nasema tu kwamba mtu akikuonyesha video ya YouTube ya jamaa wa Las Vegas akieleza strategy, jamaa huyo hakatwi akiingiza na akitoa kwenye akaunti ya simu ya Kenya. Ukichukua ushauri wake, chukua ukijua hilo.

Najua wengine mtaniuliza kuhusu bakara, kwa sababu nayo imeanza kuonekana. Ni rahisi, huna uamuzi wowote: unaweka kwa Banker au kwa Player, unangoja. Faida ya meza ni asilimia 1.06 kwa Banker na 1.24 kwa Player. Sare inalipa 8 kwa 1 na inawatamanisha watu sana, lakini hapo faida ya meza ni zaidi ya asilimia 14. Zile jedwali za rangi nyekundu na bluu zinazoonyesha nani ameshinda raundi zilizopita ni mapambo. Karata hazikumbuki. Na Aviator, mliouliza, waliouunda wanasema wenyewe unarudisha 97 kwa kila 100, yaani unakatwa 3. Tatu haionekani nyingi, ila raundi moja inaisha kabla hujapuliza chai, na hizo 3 zinakatwa kila unapoweka dau.

Kama pesa zako zimeshaingia mahali ambapo unakopa Fuliza ili urudishe ulichopoteza jana, hapo hatuongei tena habari ya 16 dhidi ya 10. Nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, wanasikiliza bila kukuhukumu. Na unaweza kuiambia kampuni ya kamari ifunge akaunti yako. Andika ujumbe, uhifadhi jibu.

Jirani amerudishiwa pikipiki. Anabeba watu wa Gichiche na Kagere kama kawaida, na mamake ameshaanza kumsalimia vizuri. Juzi aliniita kando pale stage, akatoa kipande cha karatasi. Alikuwa amepanga hatua zake upya kwa kalamu ya buluu.

"Sasa skiza," akaniambia. "Shida ilikuwa kuanza na 50. Je, nikianza na 20?"

Nilichukua kalamu. Hatua saba kuanzia 20 ni 2,540. Chini yake nikaandika 127 mara 20, nikamwachia azidishe mwenyewe.

Abiria akaja, akaweka karatasi mfukoni.